Kujitolea Kutunza Mito, Vijito na Mabwawa ya Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mkoa wa Tanga hauna ziwa kubwa. Mnatunza nini hasa?

Ni kweli kwamba hatuna ziwa la kulinganisha na Victoria au Tanganyika, na huenda hiyo ndiyo sababu watu wengi wa pwani hii hawajioni kuwa na kitu cha kulinda. Hata hivyo, maji ya Jiji la Tanga yana chanzo kinachojulikana. Ni Mto Zigi, unaoanzia katika misitu ya Milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani wilayani Muheza, ukapokea maji ya Mto Kihuhwi na vijito vingi vidogo njiani, kisha ukazuiwa katika Bwawa la Mabayani kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Maji ya bwawa hilo ndiyo yanayosafishwa na Tanga UWASA, mamlaka ya majisafi ya jiji, na kupelekwa majumbani. Pamoja na Zigi upo Mto Mkulumuzi unaopita kwenye Mapango ya Amboni, upo Mto Pangani upande wa kusini na Mto Umba upande wa kaskazini, na kuna chemchemi, visima na malambo ya kunyweshea mifugo ambayo hayamo katika ramani yoyote lakini kila mwanakijiji anayajua. Vyote hivyo ndivyo tunavyovitunza.

Mimi ni mkazi wa Ngamiani, jijini Tanga. Yanayofanyika Amani yananihusu nini?

Yanakuhusu kila unapofungua bomba. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu wake, ambao tangu mwaka 1997 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia, huipokea mvua hiyo kwa majani, kwa takataka za majani zilizooza chini na kwa mizizi, ili maji yazame ardhini na kutoka polepole katika vijito hata miezi ya kiangazi. Mteremko ukifyekwa na kulimwa bila matuta, mvua ileile hushuka kwa siku moja ikiwa imebeba udongo. Udongo huo hufanya mambo mawili. Kwanza, hujaa chini ya bwawa na kupunguza nafasi ya maji. Pili, huwalazimu wanaosafisha maji kutumia shabu na dawa nyingine kwa wingi zaidi, gharama ambayo hatimaye hurudi kwa mlipa bili.

Mwaka 2024 Tanga UWASA ilitoa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu ya maji. Ni hatua ya kupongezwa, na wengi wetu tulifurahi kuona jambo hilo likianzia Tanga. Lakini bomba jipya haliwezi kupeleka maji ambayo mto haukuyaleta, na ndiyo maana tunaamini kwamba mkulima wa Muheza anayeacha ukanda wa miti kando ya kijito anafanya kazi ya kumhudumia mkazi wa Ngamiani, hata kama hawatakutana maishani.

Uhusiano huo una upande wa pili pia. Mitaro ya mvua ya mjini huishia kwenye ghuba, na takataka zilizotupwa humo hunasa kwenye mizizi ya mikoko, ambako samaki na kamba wachanga hukulia.

Kazi yenyewe ni kuokota takataka?

Ni sehemu yake, na kwa maoni yetu ni sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Watu wengi huanza kwa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na tofauti inaonekana. Kinachojaa mitoni sasa ni chupa za maji na soda, vifungashio vya vitafunwa na pampasi za watoto. Tunawaomba wanaokuja kwenye usafi wahesabu walichookota na kukiandika kwa aina. Ukimwendea mwenyekiti wa mtaa na kumweleza kwamba mahali fulani chini ya daraja takataka nyingi ni pampasi, mtazungumza juu ya mahali pa kuzitupia. Ukimweleza tu kwamba mto ni mchafu, atakujibu kwamba analijua hilo.

Kazi iliyobaki haina picha nzuri za kuonyesha, lakini ndiyo inayobadilisha mto. Kuna kutunza vitalu vya miche na kupanda kando ya vijito, kisha kurudi kupalilia na kuondoa mimea inayotambaa kwa muda wa miaka miwili au mitatu, kwa maana mche usiopaliliwa hufa kimya na mwaka unaofuata watu hupanda upya mahali palepale. Kuna kuchimba matuta ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, na kupanda majani ya Guatemala au ya tembo kwa kufuata kontua, yaani mistari inayokata mteremko kwa usawa, ili udongo usishuke na ng'ombe wapate malisho. Kuna kuzungushia uzio chemchemi, kuchimba mtaro upande wa juu wake ili maji ya mvua yasiingie moja kwa moja, kuhakikisha kwamba hakuna choo kinachochimbwa juu yake, na kuyaelekeza maji kwa bomba hadi kwenye birika la kunyweshea mifugo lililo mbali na jicho la chemchemi. Na kuna kuzungumza na watu, kazi ambayo huchukua muda mrefu kuliko zote.

Vijiji vyetu vina desturi ya msaragambo, ambapo kila nyumba hutoa mtu wa kufanya kazi ya pamoja, iwe ni barabara, shule au mfereji. Mahali ambapo kutunza chanzo cha maji kumeingizwa katika msaragambo, kazi hudumu. Mahali ambapo wageni huja na fulana mpya na kuondoka jioni, haidumu. Tunalisema hili bila kumkosea adabu mtu yeyote anayekuja kwa nia njema. Tunamwomba tu aje chini ya utaratibu wa wenyeji.

Ninasikia habari za mita 60. Sheria inasemaje, na vipi kuhusu mtu ambaye shamba lake limo ndani ya eneo hilo?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari. Sababu yake inaeleweka. Mimea ya ukingoni hushikilia udongo, huchuja mbolea na dawa za shambani kabla hazijafika majini, na hutia kivuli kinachoyafanya maji yasipate joto kupita kiasi.

Sehemu ya pili ya swali ni ngumu zaidi, na hatutaki kuipita haraka. Familia nyingi za Usambara zina mashamba madogo, na sehemu yenye rutuba kuliko zote mara nyingi ni ile ya bondeni karibu na maji, ambako magimbi, migomba na mboga hustawi hata wakati wa kiangazi. Kumwambia mtu wa namna hiyo aondoke kesho ni kumwambia asile. Mtu anayejitolea hana mamlaka ya kumwondoa mtu, na hatupendi kuona wanaojitolea wakitumwa kutisha majirani. Kinachowezekana ni kukaa na mkulima na kutazama shamba kwa pamoja. Anaweza kuanza kwa kuacha kulima mita chache za mwisho kabisa, akapanda majani ya malisho ambayo hukatwa bila kung'olewa. Baadaye akaongeza miti, kisha akahamishia juu kidogo mazao yanayohitaji kulimwa kila msimu, huku kwenye mteremko akibakiza mazao ya viungo ya kudumu, kama pilipili manga, mdalasini na karafuu, ambayo hayalazimishi udongo kupinduliwa kila mwaka. Mabadiliko hayo huchukua misimu kadhaa. Wakulima wa Muheza waliojiunga katika umoja unaojulikana kama UWAMAKIZI, ambao jina lake linatokana na mito Kihuhwi na Zigi, wameonyesha kwamba watu wanaolima kando ya mto wanaweza kuwa walinzi wake wa kwanza.

Wafugaji huuliza jambo hilohilo. Ng'ombe anayekatiwa majani na kulishwa bandani hakanyagi ukingo, na samadi yake hurudi shambani badala ya kwenda majini.

Tupande miti gani, na ipi tusiipande?

Pandeni miti ya asili ya mahali hapo, na waulizeni wazee ni ipi iliyokuwapo kabla ya kufyekwa. Mikuyu hufaa sana kandokando ya maji katika sehemu za chini, na mivule katika mashamba yaliyo karibu. Huko juu Amani kuna msambu, mti wa Usambara ambao mbegu zake hutoa mafuta na hununuliwa, kwa hiyo mkulima ana sababu ya kuutunza. Msipande mikaratusi karibu na chemchemi wala kijito, kwa sababu hunywa maji mengi. Msipande pia mti wa Maesopsis ndani au kando ya msitu wa Amani. Uliletwa kutoka sehemu nyingine za Afrika, mbegu zake husambazwa na ndege, na tayari umejaza sehemu kubwa za msitu zilizowahi kukatwa.

Wakati mzuri wa kupanda ni mwanzo wa masika, mwezi Machi hadi Aprili, ardhi ikishalowa vizuri. Vuli hufaa kwa kujazia miche iliyokufa.

Tunaweza kupima hali ya maji bila maabara?

Mnaweza, na tunatamani kila kikundi kifanye hivyo, kwa kuwa daftari lenye vipimo vya miaka mitatu ni silaha kubwa kuliko hotuba. Chagueni sehemu mbili au tatu za mto ambazo mtarudi kila mwezi bila kuzibadilisha, mkiandika tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha siku iliyotangulia.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni cha udongo. Chota maji kwenye chupa safi inayopitisha mwanga, iache itulie usiku kucha, kisha pima kwa rula unene wa tope lililotuama chini. Tumieni chupa ya aina moja kila mara, vinginevyo vipimo havitalingana. Vipimajoto na karatasi za kupimia asidi ni vya bei nafuu na huongeza habari za maana.

Kipimo cha pili ni cha viumbe, na hiki ndicho watu hukipenda kuliko vyote wakishakijaribu. Mahali penye mawe na maji yanayokimbia, mtu mmoja hushika wavu mdogo upande wa chini, mwingine hugeuza mawe upande wa juu, na vilivyoshikilia mawe huingia wavuni. Mwagieni kwenye beseni jeupe na mtazame. Mkikuta mabuu bapa yenye mikia miwili au mitatu, au mabuu yaliyojijengea vijumba vya chembe za mchanga na vijiti, basi maji yana hewa ya kutosha, maana wadudu hao hawavumilii uchafu. Mabuu ya kereng'ende hukaa katikati, kwani huvumilia kiasi. Mkikuta minyoo myekundu tu, inayoweza kuishi kwenye maji yenye hewa kidogo kwa sababu damu yake hushika hewa vizuri, basi kuna kinachooza sehemu ya juu, nanyi mnapaswa kupanda mto kutafuta ni nini. Wataalamu wametengeneza mfumo wa alama kwa ajili ya mito ya Tanzania, uitwao TARISS, ambao hutumia viumbe hivi hivi kwa undani zaidi. Msingi wake ni uleule mnaouona kwenye beseni.

Tahadhari moja ni muhimu. Hakuna kipimo kati ya hivi kinachoonyesha kama maji ni salama kunywa. Vimelea vya kuhara na kipindupindu havionekani kwa macho, na maji maangavu kabisa yanaweza kuwa navyo. Chemsheni au tieni dawa.

Je, kuna hatari kwa wanaojitolea?

Zipo, na tunamwomba kila anayekuja azisome kabla ya kukanyaga maji.

Ya kwanza ni kichocho, ugonjwa ulioenea katika mkoa wetu. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, na konokono hao huvitoa kwa wingi jua linapokuwa juu. Kwa hiyo kazi za majini tunazifanya asubuhi mapema, tukivaa gambuti na glavu ndefu, na tunaepuka kabisa maji yaliyotulia yenye majani mengi ukingoni. Mtu aliyelowa ajifute mara moja kwa taulo. Anayeona damu katika mkojo aende zahanati. Ugonjwa huu una dawa inayofanya kazi vizuri, lakini ukiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo.

Ya pili ni mafuriko ya ghafla. Mvua ikinyesha Amani, Zigi hujaa huku chini ilhali mbingu ya Tanga ni nyeupe, kwa hiyo wakati wa masika pigeni simu kwa watu wanaokaa huko Amani kabla ya kuingia mtoni. Ya tatu ni mamba. Waulizeni wavuvi na wanaochota maji mahali hapo, na wakisema msiingie, msiingie.

Magugu maji tuyang'oe wenyewe?

Watu wengi hudhani magugu maji ni tatizo la Ziwa Victoria peke yake, ilhali nchini Tanzania yaliripotiwa kwanza hapa kwetu, katika Mto Zigi mwaka 1955, kisha katika Mto Pangani mwaka 1959. Yakiwa machache yang'oeni kwa mkono kabla hayajatoa maua, kwa kuwa mbegu zake hukaa kwenye tope kwa miaka mingi zikisubiri. Yapelekeni mbali na ukingo, myakaushe kabisa, ndipo myafanye mboji. Kipande kidogo kilichorudi majini huota upya. Yakiwa yamefunika sehemu kubwa, wasilianeni na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kabla ya kufanya lolote, na msitumie dawa ya kuua majani hata kama mtu atawapa bure.

Nikimkuta mtu anachafua maji, nifanye nini?

Inategemea ni nani na anafanya nini. Mama anayefua ukingoni na kijana wa bodaboda anayeosha pikipiki mtoni hawahitaji kushtakiwa. Wanahitaji kuambiwa kwa heshima kwamba wachote maji kwa ndoo na kufanyia kazi yao mbali kidogo, ili povu na oili viishie kwenye udongo, na inasaidia zaidi ikiwa kikundi kitawajengea sehemu ya kufulia.

Wanaovua kwa utupa, mmea wenye sumu ya samaki, au kwa dawa za shambani ni jambo jingine. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na sababu haihitaji maelezo marefu: sumu huua vifaranga vya samaki na wadudu wote wa sehemu hiyo, na watu wa chini ya mto wanayanywa maji hayo. Toeni taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa uvuvi siku hiyohiyo, na watangazieni majirani wasichote.

Mchanga nao umekuwa tatizo kubwa kadiri ujenzi unavyoongezeka. Mchanga unapochotwa kwa malori kutoka kitandani mwa mto, mto huzama, kingo hubomoka, nguzo za madaraja hubaki wazi na visima vya jirani hushuka. Hali kadhalika uchimbaji wa dhahabu, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulivuruga vijito vya Usambara Mashariki: udongo huoshwa ndani ya maji, na zebaki inayotumika kunasa dhahabu ni sumu isiyoondoka. Wachimbaji wakiwa kundi, msiwakabili. Andikeni mahali, tarehe na saa, pigeni picha kama ni salama, kisha mpeleke taarifa halmashauri, Bodi ya Bonde au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC.

Kuhusu mkonge, ambao ni uhai wa watu wengi katika mkoa huu, inafaa kuelewa jinsi tatizo linavyotokea. Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani; sehemu iliyobaki ni maji na makapi, na katika usindikaji wa kawaida huoshwa kwa maji mengi. Uchafu huo una asidi, na unapooza ndani ya mto hula hewa yote ya majini hadi samaki wakafa. Hata hivyo, makapi hayohayo yanaweza kuzalisha gesi, kama ilivyofanyika Hale wilayani Korogwe, au kufanywa mbolea. Kwa hiyo tunapozungumza na wenye mashine, tunawaomba mabwawa ya kutuamishia uchafu na matumizi ya makapi, na hatuombi mtu yeyote apoteze kazi.

Tunahitaji kibali au usajili?

Kwa kuokota takataka na kupanda miti kwenye ardhi ya mwenye kukubali, inatosha kumjulisha mwenyekiti wa mtaa au serikali ya kijiji. Ndani ya msitu wa hifadhi lazima kibali kitoke kwa wasimamizi wake. Kikundi kinachotaka akaunti ya benki husajiliwa halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii.

Wanaotumia chanzo kimoja wanaweza kwenda mbali zaidi na kuunda Jumuiya ya Watumia Maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Jumuiya hiyo inatambuliwa kisheria, inaweza kumiliki kibali cha kutumia maji, kugawa zamu, kusuluhisha migogoro na kulinda chanzo. Kwa maoni yetu huu ndio muundo unaofaa zaidi kwa vijito vidogo, kwa sababu anayelinda na anayekunywa ni mtu yuleyule.

Tunalipwa?

Hapana. Nauli na chai vikundi vingi hujichangia vyenyewe. Mtu akikudai pesa ili akuandikishe kama mtu wa kujitolea, usimpe.

Watoto wanaweza kushiriki?

Wanaweza, kwa vitalu vya miche shuleni na madrasa, na kwa kutazama wadudu kwenye beseni wakiwa nchi kavu. Hatuwaingizi majini, kwa sababu ya kichocho.

Sina nguvu za kupanda milima wala kuchimba. Je, nina nafasi?

Unayo. Tunahitaji watu wa kuandika daftari vizuri, wa kuzungumza kwenye mikutano ya mtaa, wa kukumbuka mito ilivyokuwa miaka 40 iliyopita na mahali chemchemi zilizokauka zilipokuwa. Bibi au babu anayekaa karibu na kijito anaweza kutazama rangi ya maji kila asubuhi na kumpigia simu mtu wa kikundi ikibadilika; taarifa ya namna hiyo hufika mapema kuliko ya ofisi yoyote, na mara nyingi ndiyo inayowahi kabla watu hawajachota.